Mieleka ndani ya kizimba: mtaji au mtego?

Francis Ngannou alipomlaza Stipe Miocic mjini Las Vegas tarehe 27 Machi 2021, mikanda mitatu ya UFC, kampuni kubwa ya mapambano ya MMA (mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na ukabaji ndani ya kizimba), ilikuwa viunoni mwa wanaume waliozaliwa Afrika. Ngannou wa Kameruni alichukua ule wa uzito wa juu. Israel Adesanya, mzaliwa wa Lagos, alikuwa tayari na wa uzito wa kati, na Kamaru Usman, mzaliwa wa Auchi, Nigeria, alikuwa na wa uzito wa welta. Huku kwetu, ambako mapambano makubwa ya Marekani hutufikia alfajiri ya Jumapili, wengi tulishangilia bendera. Ila mpenzi wa mchezo wenyewe aliona jambo la pili, na kwangu hilo ndilo zito zaidi: Usman alilelewa na mieleka, Adesanya na ngumi na mateke, Ngannou na ndoto ya kuwa bondia.

Nawachukua hao watatu kuwa mashahidi katika ubishi usiokwisha wa MMA: je, aliyeanzia mieleka ana mtaji kuliko wenzake? Nazungumzia mieleka ya mashindano, ile ya Olimpiki na ya vyuo, si maigizo ya televisheni. Jibu langu ni ndiyo, anao. Lakini mtaji huo hauko pale ambapo mashabiki wengi wanauona. Wao hutazama nani kamwangusha nani. Mimi naona faida kubwa ni mamlaka ya kuamua pambano lipiganwe wapi, na mamlaka hayo hufanya kazi hata pale ambapo hakuna mtu aliyeanguka.

Tuanze mbali kidogo. Shindano la kwanza la UFC, Denver, Novemba 1993, lilichukuliwa na Royce Gracie kwa jujitsu ya Brazil, sanaa ya kupigana chini kwa kukaba na kukunja viungo. Desemba 1994 Gracie alikutana na Dan Severn, mwanamieleka aliyemzidi uzito kwa mbali. Severn alimkalia juu kwa takriban robo saa, kisha akakabwa shingo kwa miguu, akasalimu amri. Alijua kumbwaga mtu na kumshikilia, basi. Baada ya hapo hakuwa na somo jingine. Pengo hilo lilizibwa na Mark Coleman, aliyeiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992: angusha, kaa juu, shusha makonde. Februari 1997 akawa bingwa wa kwanza wa uzito wa juu wa UFC. Julai ya mwaka huohuo Maurice Smith, mtu wa ngumi na mateke, alimvumilia pale chini mpaka pumzi ikamkata, kisha akampiga alivyotaka na majaji wakampa mkanda. Mwaka haujaisha, mkanda ukarudi kwa mwanamieleka mwingine, Randy Couture. Hoja zote tunazorushiana leo zilikwishapiganiwa ndani ya kizimba kabla ya 1998.

Sasa Usman. Alikuwa bingwa wa daraja la pili la michezo ya vyuo vya Marekani mwaka 2010, na alimnyang'anya Tyron Woodley mkanda Machi 2019 kwa raundi tano za kumbana na kumchosha, ilhali Woodley naye alitoka kwenye mieleka ya chuo. Pambano linalonifundisha zaidi, hata hivyo, ni la Desemba 2019 dhidi ya Colby Covington. Wanamieleka wawili, raundi tano, na hakuna aliyefanikiwa kumwangusha mwenzake. Walisimama wakapigana makonde kama mabondia, hadi Usman akammaliza Covington raundi ya tano. Wapo waliolichukua kuwa ushahidi kwamba mieleka imepitwa na wakati. Mimi naona kinyume. Mieleka ya huyu iliifuta mieleka ya yule, na kilichobaki kikaamuliwa kwa ngumi. Mmoja wao angekuwa hana asili hiyo, pambano lingehamia chini mapema sana.

Halafu kuna Jorge Masvidal. Julai 2020, Abu Dhabi, Usman alimbandika kwenye uzio raundi baada ya raundi. Pambano lisilopendeza macho, lakini ushindi usio na utata. Waliporudiana Aprili 2021, Usman alimzima kwa ngumi moja ya kulia raundi ya pili. Ni vigumu kuitenganisha ngumi ile na raundi tano za mwaka uliotangulia. Anayehofia kuvamiwa miguuni hushusha mikono na kukaza kiuno, na kichwa hubaki bila mlinzi. Thamani ya namna hii haionekani kwenye takwimu za mapambano, kwa sababu takwimu huhesabu matendo yanayoonekana tu. Woga hauhesabiwi.

Adesanya ndiye shahidi wa upande wa pili, na ni shahidi mzuri. Novemba 2018, New York, alipewa Derek Brunson, mwanamieleka wa chuo, naye akamvamia miguuni tena na tena. Adesanya alirusha miguu nyuma, akamsukuma kichwa, akamjibu kwa goti, na pambano likaisha raundi ya kwanza. Hakuwahi kuwa mwanamieleka. Alichofanya yeye na walimu wake wa Auckland ni kujifunza nusu ya mieleka: ile ya kukataa. Nusu hiyo ilitosha kumfikisha kwenye mkanda na kumweka hapo kwa miaka mitatu.

Lakini ilikuwa na mpaka. Machi 2021 alipanda uzito kumfuata Jan Blachowicz wa Poland. Raundi za mwanzo zilikuwa za kusogeleana na kupimana. Za mwisho, Blachowicz alimbwaga na kumkalia, na Adesanya hakupata njia ya kuinuka. Jambo ambalo wachambuzi wengi waliliruka ni kwamba Blachowicz mwenyewe si zao la mieleka. Alitokea kwenye ngumi za Kithai na jujitsu. Alijifunza mieleka ya kutosha, akaitumia kwa wakati unaofaa dhidi ya mtu mwepesi kuliko yeye. Kwa hiyo pambano lile linazipa nguvu pande zote mbili kwa mpigo: linaonyesha ubora wa mieleka, na linaonyesha kwamba ubora huo hauhitaji utoto wa mieleka.

Shahidi mkubwa wa hoja hiyo ya pili ni Georges St-Pierre wa Kanada. Alianza na karate. Mieleka aliifuata akiwa mtu mzima, akifanya mazoezi na wanamieleka wa Montreal, na Agosti 2007 akamwangusha Josh Koscheck, ambaye alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2001. Mtu wa karate anambwaga bingwa wa mieleka kwa mieleka! Sababu si fumbo. Katika mieleka mvamiaji huvamia mtu anayengoja kuvamiwa. Katika MMA huvamia mtu ambaye wakati huohuo anakwepa ngumi. St-Pierre alificha mvamio wake nyuma ya ngumi fupi za mkono wa mbele, na Koscheck alichelewa kuuona. Uhodari wa kwenye mkeka na uhodari wa kizimbani ni ndugu, si mtu mmoja.

Hapo ndipo mtego ulipo. Ben Askren alikuwa mwanamieleka wa Olimpiki ya 2008, bingwa mara mbili wa vyuo, na alikusanya mikanda kwingine kabla ya kuingia UFC akiwa hajapoteza pambano. Julai 2019 alikutana na huyohuyo Masvidal, akainama kwenda kudaka miguu, akakutana na goti la kuruka. Sekunde tano, kwisha. Kuinama vile ni sahihi kabisa kwenye mkeka, ambako hakuna goti linalokuja usoni. Mwili uliokariri tendo moja kwa miaka mingi hulitenda kabla akili haijauliza kama linafaa. Bo Nickal, bingwa mara tatu wa vyuo akiwa chuo cha Penn State, alionja la namna yake Mei 2025, Reinier de Ridder alipomsimamisha kwa goti la tumboni raundi ya pili. Mtu anayetokea mieleka ana mengi ya kujifunza, na machache ya kusahau. Hayo machache ndiyo hugharimu zaidi.

Kuna pia hoja ambayo wapenzi wa mieleka hawapendi kuisikia, nami naiona nzito kuliko zote. Je, wanamieleka hushinda kwa sababu ya mieleka, au kwa sababu MMA hupata wanamieleka bora kuliko inavyopata mabondia bora? Bondia mwenye kipaji ana ligi yake, mapromota wake na mamilioni yake. Hana haja ya kuja kizimbani. Mwanamieleka wa Marekani hushindana tangu utotoni, hupita sekondari na chuo, kisha siku moja anamaliza masomo, na kwa miaka mingi hakukuwa na ligi yenye mshahara iliyomngoja. Daniel Cormier alishika nafasi ya nne kwenye Olimpiki ya Athens 2004. Fedha za maana na mikanda alivikuta kwenye MMA. Henry Cejudo alipata dhahabu ya Beijing 2008, kisha mikanda miwili ya UFC. Dagestan, jamhuri iliyo ndani ya Urusi, nayo ina mfumo wake, ambao pamoja na sambo (mchezo wa Kirusi wa kubwaga na kukaba) ulimtoa Khabib Nurmagomedov, aliyestaafu Oktoba 2020 na ushindi 29 bila kushindwa. Hao ni matunda ya mfumo mzima: walimu, mashindano ya kila wiki, ushindani wa kijiji kwa kijiji. Anayesema "mieleka hushinda" anahesabu pamoja na mieleka nidhamu ya miaka kumi na tano ya kushindana, kupunguza uzito na kuamka siku inayofuata. Naamini mieleka yenyewe ina sehemu kubwa, lakini si yote.

Ngannou ndiye anayenisaidia kupima sehemu hiyo, kwa sababu yeye hakuwa na mfumo wowote. Alichimba mchanga Batié, kwao Kameruni, akavuka hadi Ulaya, akaanza MMA mjini Paris akiwa mtu mzima. Januari 2018, Boston, Miocic alimwangusha mara kwa mara na kumkalia hadi majaji wote watatu wakaandika 50-44. Yule mtu mwenye ngumi za kutisha kuliko zote hakuwa na mahali pa kuzirushia. Miaka mitatu ya mazoezi mjini Las Vegas, katika jimu iliyoanzishwa na Randy Couture, ilibadili picha. Waliporudiana Miocic alimvamia miguuni raundi ya kwanza. Ngannou alimzuia, akamgeukia na kumpiga, na raundi ya pili ikawa ya mwisho. Kisha Januari 2022, akiwa na goti bovu na nyuma kwa raundi mbili dhidi ya Ciryl Gane, fundi wa kusimama, Ngannou aliacha kurusha ngumi akaanza kumbwaga. Alitetea mkanda wake kwa mieleka. Hakuwa stadi, na Gane alimsaidia pale alipoiacha nafasi ya juu raundi ya tano kwa kutamani kuvunja mguu. Lakini fikiria: bila mieleka ile ya ukubwani, goti lile lingemvua mkanda.

Upande wa mieleka una doa moja ambalo sitaki kulipita: kushikilia mtu bila kumuumiza. Agosti 2025, Chicago, mwanamieleka Khamzat Chimaev alimshikilia Dricus du Plessis wa Afrika Kusini kwa zaidi ya dakika 21 kati ya 25. Kanuni zinasema majaji watazame kwanza madhara ya mapigo na ya ukabaji. Kushikilia pekee si hoja ya kwanza. Bado Chimaev alistahili ushindi alioupata, kwa sababu Du Plessis hakufanya lolote la maana kule chini, na mchezo wa kupigana hauwezi kumlipa aliyeshindwa kusimama. Watazamaji wana haki ya kuchoka. Lawama, hata hivyo, haimwendei anayeshikilia. Inamwendea aliyekuja kwenye pambano la ubingwa bila jibu la swali ambalo dunia nzima ilijua ataulizwa.

Nayo Afrika haiazimi mieleka kwa mtu. Novemba 2024, Bangkok, Oumar Kane wa Senegal, maarufu kama Reug Reug, aliyekuzwa na laamb, mieleka ya mchangani ya kwao, alimshinda Anatoly Malykhin wa Urusi na kutwaa mkanda wa uzito wa juu wa ONE, kampuni ya mapambano ya Asia. Senegal inajaza viwanja kwa ajili ya mieleka hiyo. Sisi wa Afrika Mashariki tuna ngumi. Kijana wa Manzese au wa Mathare anayetaka kuingia MMA atatokea, mara nyingi, kwenye jimu ya mabondia, na ushauri wa kumwambia aanze upya na mieleka haumfai. Angefuata mpango wa Ngannou: kwanza ajifunze kukataa kuanguka, kisha kuinuka akiwa amebanwa kwenye uzio, na kupiga mtama au kumbeba mtu kuje mwisho. Mkeka ni ghali kuliko mfuko wa kupigia ngumi, na jimu nyingi hazina. Klabu za judo zinao, Zanzibar, Dar es Salaam, Nairobi, pamoja na walimu wanaojua kumbwaga mtu bila kumvunja. Kocha wa ngumi anayemtaka kijana wake kizimbani aanzie mlangoni kwao, kabla hajamtafutia pambano la kwanza.