Ukitaja rangi ya bingwa, taja na mlango aliofungiwa

Kila Olimpiki inapofika ubishi ni ule ule, Mtwara mjini kama Nachingwea. Mtangazaji anasema "mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu", na mtu kwenye banda umiza anadakia: rangi inahusu nini hapa, si useme kashinda, basi?

Hoja hiyo isipuuzwe. Sensa za Tanzania hazijauliza kabila tangu ile ya 1967, na aliyekulia katika malezi hayo hunusa ukabila kila mtu anapobandikwa kundi. Watu wa Kusini wana sababu ya ziada, maana "Mmakonde" ukilisikia Dar es Salaam mara nyingi lina kicheko nyuma yake. Anayejua inavyokuwa kuitwa kwa kabila lako kabla ya jina lako hawezi kulaumiwa akisema mambo haya yaishe.

Ila wanaobisha hivyo wanamtazama mshindi, hawalitazami bwawa.

Chukua Rio, Agosti 2016, fainali ya mita 100 mtindo huru kwa wanawake. Simone Manuel wa Marekani na Penny Oleksiak wa Kanada waligusa ukuta kwa sekunde 52.70, rekodi ya Olimpiki, dhahabu ikaenda kwa wote wawili. Oleksiak akatangazwa kwa umri wake, miaka 16. Manuel akatangazwa kwa rangi: mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kushinda dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika kuogelea. Umri wa mwenzake haukuleta mjadala wowote.

Kwa nini ichukue mpaka 2016? Kwenye riadha Jesse Owens alishatoka Berlin na dhahabu nne mwaka 1936. Lakini kukimbia kunataka barabara tu. Kuogelea kwa mashindano kunataka bwawa lililojengwa, mwalimu, na ruhusa ya kuingia, na ruhusa ndiyo waliyonyimwa. Kwa miongo mingi mabwawa mengi ya umma Marekani yaliwazuia weusi kabisa au yaliwatengea siku yao. Juni 1964, huko St. Augustine, Florida, weusi na wazungu walijitosa pamoja katika bwawa la moteli kupinga ubaguzi, na mwenye moteli akamwaga asidi majini wakiwa humo humo. Mji wa Jackson, Mississippi, ulipoamriwa uache ubaguzi, ukaona afadhali kuyafunga mabwawa yake kuliko kuchanganya watu. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikabariki: yamefungwa kwa wote, basi hakuna aliyebaguliwa!

Mtoto aliyekuta bwawa limefungwa mwaka huo ndiye mzazi wa miaka ya 1990, na mzazi asiyejua kuogelea huwa hampeleki mwanawe majini. Matokeo yake yanahesabika. Takwimu za vifo za serikali ya Marekani za 1999 hadi 2010 zinaonyesha kwamba kati ya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19, weusi walikufa maji kwenye mabwawa ya kuogelea kwa kiwango cha mara 5.5 ya wazungu. Kwa wenye miaka 11 na 12, mara 10. Hao si watoto waliochukuliwa na mkondo baharini. Wamefia kwenye maji yenye kuta pande zote nne. Kijiweni utasikia mtu mweusi ana mifupa mizito, haelei. Watoto wa Mikindani wanaojirusha kutoka kwenye mitumbwi wana mifupa hiyo hiyo.

Wala mambo hayajaisha. Kofia ya kawaida ya kuogelea imetengenezwa kubana kichwa. Mwenye misuko, rasta au nywele nyingi za kipilipili akiilazimisha inapanda juu na kuchomoka katikati ya mbio. Kofia kubwa zaidi, Soul Cap, zilipoombewa kibali cha kutumika Tokyo mwaka 2021, shirikisho la kimataifa lilikataa kwa maelezo kwamba hazifuati umbo la asili la kichwa. Kibali kilitoka Septemba 2022, Olimpiki ikiwa imeshapita. Ukilifuta neno "mweusi" kwenye habari hii, inabaki habari ya kofia.

Upande wa pili una mashahidi wazito, na wa kwanza ni Manuel mwenyewe: alisema angependa ifike siku wawe wengi, asiitwe tena muogeleaji mweusi. Mesut Özil alipoondoka timu ya taifa ya Ujerumani 2018 alilalamika kwamba wakishinda yeye ni Mjerumani, wakifungwa ni mhamiaji. Mwaka huo huo Ufaransa ilichukua Kombe la Dunia na huku kwetu tukasema Afrika imebeba kombe, ilhali Benjamin Mendy, mchezaji wa kikosi hicho, alijibu orodha ya bendera za asili zao kwa kuweka ya Ufaransa mbele ya kila jina. Furaha yetu ilikuwa inawanyang'anya nchi yao.

Hata hivyo, kunyamaza hakufuti rangi. Utafiti wa 2020 uliopitia mechi 80 za ligi kubwa za Ulaya ulikuta watangazaji wakizungumzia nguvu mara 6.59 zaidi kwa wachezaji wenye ngozi nyeusi, na kasi mara 3.38, huku sifa za akili zikielekea kwa weupe. Hakuna aliyetamka rangi. Hiyo ndiyo inayogawa, nayo haijawahi kuzua ubishi bandani.

Kwa watangazaji wa redio zetu kosa kubwa ni haraka. Habari ya wakala inatafsiriwa mbio, sentensi inakatwa, Manuel anakuwa "mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya kuogelea". Huo ni uongo. Anthony Nesty wa Suriname alishinda mita 100 kipepeo Seoul 1988, akimpita Matt Biondi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Anza na matokeo na muda. Kisha "wa kwanza" pamoja na mipaka yake yote: nchi, jinsia, aina ya mbio. Kisha kilichomzuia aliyetangulia, ndani ya pumzi hiyo hiyo. Kizuizi kikikosekana, rangi iondoke. Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wakipewa muda mmoja wa 2:09:48, kumwita mweusi kusingeongeza kitu. "Mtanzania wa kwanza" kulibeba habari yote.

Mwaka 2021 Namungo ya Ruangwa ilicheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na kuiita timu ya Kusini hakukuonekana kuigawa nchi. Msikilizaji wa Lindi alijua bila kuelezwa kwamba kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, basi la Dar lilisubiri kivuko pale Rufiji. Habari ya Manuel inahitaji sentensi moja zaidi kwa sababu Jackson ni mbali.