Bwana Harusi wangu katagia ahadi za kamati

Uweka hazina sikuuomba. Siku ya kikao cha kwanza cha harusi ya mdogo wake shemeji yenu, yule wa mwisho kwao, foleni ya Buguruni ikanishika, nafika nakuta vyeo vyote vimeshagawanywa kimebaki hicho kimoja ambacho mtu mwenye akili timamu hakitaki, nikakabidhiwa kaunta buku na peni ya bluu wakapiga makofi.

Sasa kipindi hichohicho pale nyumbani Tabata nilikuwa na ndege wangu wawili, lavubedi wa Fischer, wale kasuku wadogo mgongo kijani, kifua cha chungwa, mdomo mwekundu kama kapakwa lipstiki na jicho lina duara jeupe utadhani kavaa miwani ya kusomea. Niliwanunua kwa kijana mmoja anayewafuga uani kwake huko Ilala, laki na ishirini kwa jozi, akaniapia huyu dume huyu jike. Nikamuuliza umejuaje maana mi naona wamefanana kama shilingi na shilingi, akasema "braza angalia macho, dume lina macho ya kiume." Nikaangalia. Jamani nikayaona kabisa hayo macho ya kiume. Nikalipa, nikawaita Bwana Harusi na Bi Harusi kwa heshima ya kamati.

Kuanzia hapo nikawa profesa. Kila kikao nikipata upenyo naingiza ndege wangu, kwamba hawa wakipendana wamependana, mmoja anamlisha mwenzie mdomoni, wanachambuana manyoya shingoni, na jina lao la kitaalamu, Agapornis, limetoka kwenye Kigiriki maana yake ndege wa upendo, kwa hiyo nikatangaza mbele ya watu kwamba zawadi yangu kwa maharusi, ukiacha mchango, ni makinda mawili. Mwenyekiti akasema iandikwe. Nikaandika mwenyewe.

Na kwa matunzo sijisifu ila walikuwa wanaishi kuliko mimi. Uwele na ulezi asubuhi, mtama kidogo, alizeti za kuhesabu maana zina mafuta na wakizizoea hawataki kitu kingine, mchicha, karoti, mfupa wa ngisi wa kunoa mdomo na kupata chokaa ya kutengenezea maganda ya mayai, na bakuli la maji ya kuoga kwa sababu hili joto la Dar hata wao wanalisikia. Parachichi nikapiga marufuku hata kupita karibu na tundu, kwao ni sumu, na yale makikaango yasiyogandisha chakula nikamhamishia shemeji yenu jiko la nje, maana yakiungua yanatoa moshi unaoua ndege palepale. Shemeji yenu akauliza sa mi na ndege nani kaolewa humu ndani. Sikujibu.

Wiki tatu kabla ya ile siku yangu ya aibu akashuka mama mkwe kutoka Singida, kaja mapema asaidie maandalizi ya mwanae. Nikampokea stendi, shikamoo mama, marahaba baba, tukafika nyumbani, hajakaa, hajanywa maji, akasimama mbele ya tundu akawatazama hawa ndege kwa muda mrefu mno.

"Baba, hawa si wezi wa mtama?"

Nikacheka nikasema hapana mama, hawa ni lavubedi.

"Mimi nimewaamia hawa nikiwa mtoto, kutwa nzima juani na kombeo. Wamekuja huku lini?"

Ikabidi nimweleze, na kweli hakukosea, maana aina hii asili yake ni hapahapa Tanzania, kusini ya Ziwa Viktoria, Serengeti huko, mpaka pande za kwao. Nikamwambia hata hilo jina la Fischer walipewa kwa ajili ya Mjerumani mmoja, Gustav Fischer, aliyepita huku miaka ya 1880. Akaniuliza, kwani babu zetu walikuwa hawawaoni mpaka Mjerumani aje? Halafu akauliza bei. Nikasema elfu kumi. Shemeji yenu kwa sauti kutoka jikoni, "laki na ishirini mama!" Mama akakaa chini polepole. Akasema ningeomba tu ningeletewa gunia, nikamwambia mama kukamata wa porini bila kibali ni kosa, ndo maana nimechukua waliozaliwa tunduni, akaniangalia kwa huruma, akaomba maji.

Toka siku hiyo hakuwahi kuwaita jina lingine. Asubuhi anaamka, "wezi wameshakula?" Na anawapa ye mwenyewe, tena kiganja kimejaa.

Mi huku nilishawapigia sanduku la kutagia la plaiwudi, lina tundu la kuingilia mbele na kifuniko cha kufungua juu. Hawa ndege hawakusanyi vijiti hivihivi, wanachana. Nikawawekea majani ya mnazi, wanashika ukingo wa jani wanatembeza mdomo kama cherehani, tik tik tik tik, inatoka kamba ndefu imenyooka, anaibeba mdomoni anaingia nayo ndani. Mtu unaweza kukaa kitini saa nzima unaangalia tu ugali unapoa. Siku si nyingi nikafungua kifuniko, yai! Jeupe, dogo kama njugumawe. Kesho yake lingine. Nikapiga simu kwa watu.

Kilichonifurahisha zaidi ni Bwana Harusi. Nilisoma kwamba jike ndo anaatamia siku kama 23 na dume kazi yake kumletea chakula, lakini wa kwangu hatoki! Wote wawili wamelala juu ya mayai kutwa. Nikawa nampigia mfano kila mwanaume aliyekuja kunitembelea, nawaambia oneni baba wa kisasa huyu, analea na mke, sio nyie mnashinda kwenye draft. Mayai yakafika sita. Yakafika saba. Kwa kawaida wanataga manne mpaka sita ila nikasema hizo ni baraka, na ulezi wangu si wa mchezo. Yakafika tisa.

Wiki mbili hizo kamati haikukaa, kulikuwa na msiba wa mjumbe mwenzetu. Daftari lilikuwa sebuleni kwenye shelfu pembeni ya tundu, nililiacha wazi kwenye ukurasa wa ahadi na peni katikati, na kila jioni tunawafungulia ndege warukeruke kidogo. Mnaanza kuelewa eeh.

Jumapili ya kikao nalikuta limefungwa, nikalitia kwenye rambo, nikaenda. Tunakaa kwenye baa moja mtaa wa pili tu na kwangu. Watu ishirini na kitu, bia na nyama choma mezani, mwenyekiti akasema mweka hazina tusomee ahadi na waliokwisha kulipa. Nikakohoa, nikafungua.

Majina yote yapo. Mwandiko wangu ule, mistari 43 imenyooka. Ila upande wa kulia, pale penye safu ya kiasi, hakuna karatasi. Ukurasa umeliwa kuanzia juu mpaka chini, ukingo una vijino vijino kama stempu.

Nikaufunga. Nikaufungua tena, nadhani nilitegemea labda imerudi.

Waliokwisha kulipa hawakuwa shida, miamala ya simu ilikuwepo. Shida ni ahadi, kwa sababu mwenyekiti mwenyewe alikataza ahadi zisiwekwe kwenye grupu watu wasije kuoneana aibu, tulikuwa tunatangaza jumla tu, na jumla ya mwisho ilikuwa 11,400,000. Sasa akasema basi sio kesi, tuko watu wazima, kila mtu arudie alichoahidi. Wee! Yule kaka mkubwa wa bwana harusi aliyesimama kikao cha kwanza akaahidi milioni moja mpaka akapigiwa vigelegele, akasema kwa sauti ya chini kabisa "laki tatu". Aliyemfuata akasema elfu hamsini huku anakata nyama. Ilipofika zamu yangu na mimi nikasema yangu. Tukajumlisha, 6,150,000. Na ukumbi umeshalipiwa advansi.

Shemeji yenu akampigia mama yake simu, kaweka spika, mama vipi hilo daftari hukuliona? Mama akasema nililiona, wezi walikuwa wanalichana kila jioni, "nikajua baba amewapa, maana hakuna asichowapa. Mi nililifunga tu nilipofagia."

Kamati nzima ikanyanyuka. Sio utani, watu ishirini na kitu na chupa zao mkononi tukakatiza mtaa kuja kwangu kufukua kiota.

Nikafungua kifuniko, nikaingiza mkono, Bi Harusi akaning'ata kidole, nikatoa, nikaingiza mwingine, Bwana Harusi akaning'ata na wa pili, hawa ndege mdomo wao ni mdogo ila ni koleo. Kulikuwa na mzee mmoja wa upande wa bibi harusi, anafuga njiwa na kasuku huko Mbagala, akanisogeza taratibu, akavua baraghashia akawafunika nayo, akawatoa mmoja mmoja. Akaona mayai. Akaniuliza yana siku ngapi, nikasema la kwanza lina wiki mbili. Akaomba tochi ya simu, akaliweka yai juu ya taa, yai lenye mtoto kwa siku hizo unaona vishipa vyekundu vimetanda kama mizizi, sisi tuliona njano safi tu, mwanga unapita. La pili hivyohivyo. Mpaka la tisa, viza matupu.

"Kijana, jike mmoja hatagi tisa. Hawa ni mashoga tu wanakaa pamoja, wote wanawake."

Kimya. Halafu mwenyekiti akauliza taratibu, "kwa hiyo baba wa kisasa...?" Nilicheka wa mwisho, tena kwa kulazimishwa. Mzee akanifundisha pale kwamba hawa kwa macho hutambui, labda upime vinasaba kwa unyoya, na akasema mayai niyarudishe wayachoke wenyewe, nikiyaondoa wataanza kutaga upya wajimalize. Tukayarudisha, tukawapangia majani ya mnazi.

Karatasi zote tukazimwaga kwenye meza ya sebuleni. Vipande vya urefu wa kidole, vingine vina kinyesi, mwenyekiti kavaa mfuko wa mkate mkononi kama glavu, anaviunganisha na ukurasa, vile vijino vinaingiliana vizuri kabisa kama zipu, selotepu, kinachofuata. Milioni moja ya kaka mkubwa ikapatikana mapema, nzima, sifuri zote sita, akasema alikuwa anatania. Elfu hamsini ikawa laki mbili. Mama mkwe kavaa miwani yake ndo anasoma kwa sauti, anafurahia kama anasoma matokeo ya darasa la saba.

Mi nikawa najifanya nawapa ndege maji.

"Mstari wa saba," mama akasema. Akausogeza kwenye taa. "Baba, hapa si pako? Hapa pameandikwa laki nne."

Kule baa nilikuwa nimesema laki mbili.

Mama akavua miwani, akaifuta kwa kanga, hakuniangalia mimi, akamgeukia mwanae.

"Kumbe humu ndani mnafuga watatu."