Mwacheni Mama atembee

Juzi Jumanne kaka yangu aliye Mombasa alituma ujumbe kwenye kundi letu la familia. Mama ameonekana Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu wa Amu (Lamu), peke yake, kabeba kikapu. Nani alikuwa nyumbani? Kwa nini hakutumwa kijana sokoni? Mtu ana miaka 67, ana sukari, anaachwaje azunguke kama asiye na watoto? Wengine wakafuatia mmoja mmoja: haya ni aibu, watu watasema hatumtunzi. Nilijibu maneno mawili matatu nikaweka simu chini, lakini moyo haukutulia. Nayaandika hapa kwa kuwa najua nyumba nyingi za Amu zina maneno haya haya.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, jua halijakolea. Kikapuni mlikuwa na ndimu, mchicha na samaki mmoja, changu. Aliyekuwa nyumbani ni mimi, na mimi ndiye niliyemwacha aende.

Sisi tuna namna yetu ya kumheshimu mzee: tunamketisha. Akitaka maji analetewa. Akiinuka tu, watu watatu wanamuuliza anataka nini. Na akishaambiwa ana sukari ndiyo basi, hashiki tena ufagio, hakuni nazi, hashuki ngazi ila kwa sababu kubwa. Ni mapenzi, silikatai hilo. Lakini mwenye sukari ukimketisha kutwa unamzidishia maradhi, na hili nataka nduguzangu walisikie vizuri.

Misuli ya mapaja na miguu ndiyo mikubwa mwilini. Ikifanya kazi, inavuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia, hata kwa mtu ambaye insulini yake, ile homoni ya mwili inayoitoa sukari kwenye damu, imekuwa dhaifu. Na kazi hiyo haiishi pale unapoketi, maana kwa saa kadhaa baada ya kutembea mwili huipokea insulini vizuri zaidi. Mtu akila wali akajilaza, sukari ile inabaki ikizunguka kwenye damu, inagusa macho, figo, mishipa ya miguu, siku baada ya siku, wala haumwi popote.

Kliniki Mama aliambiwa afanye mazoezi nusu saa kila siku. Hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo. Alirudi nyumbani akaniuliza, "Mazoezi ndiyo mambo gani, mwanangu? Niruke kamba?" Ilinichoma. Mama huyu amepanda na kushuka ngazi za nyumba hii miaka 40, ameenda kwa miguu Shela kwenye arusi na matanga, na hakuna aliyemwambia kwamba mazoezi ni yale yale aliyokuwa akiyafanya kabla hatujamkataza.

Usiku mmoja mwezi uliopita tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Baada ya saa moja nikamchoma kidole kupima sukari, nayo iko juu: 13.8 (milimoli kwa lita ya damu). Alikuwa ameshajilaza. Nikamwambia, "Mama, vaa buibui tutoke." Tukashuka polepole, mkono wake mmoja ukutani, mwingine begani kwangu, tukatokea pwani na kufuata ukuta wa bahari mpaka karibu na gati. Kila baraza lilikuwa na mtu wa kuamkuana naye. Tulirudi kwa kupitia Mkunguni. Ilikuwa dakika 25 hivi, na sehemu kubwa ni salamu. Tulipopima tena: 10.1. Akaitazama ile nambari, akanipa kidole kingine nirudie. 10.3. Hakusema kitu. Alivua champali zake akaziweka kando ya mlango, vichwa vikitazama nje.

Najua sukari ingeshuka yenyewe kidogo kidogo hata angelala. Kipimo cha usiku mmoja si ushahidi wa kumfunga mtu mdomo. Lakini wapo waliopima zaidi yetu. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walichapisha matokeo ya watu 41 wenye kisukari cha aina ya pili. Kutembea dakika 10 baada ya kila mlo kuliishusha sukari ya baada ya kula kwa asilimia 12 kuliko kutembea dakika 30 kwa mkupuo wakati wowote. Baada ya chakula cha usiku, tofauti ilikuwa asilimia 22. Dakika 10! Huo ni mwendo wa kwenda msikitini na kurudi.

Na hapo namkumbuka mjomba, naye alikuwa na sukari. Alikuwa nahodha wa mashua, Amu hadi Faza na Kizingitini, mtu wa mikono na miguu. Alipoacha bahari wanawe wakamheshimu kwa pikipiki, impeleke msikiti ulio hatua mia tatu kutoka mlangoni. Chuoni, yaani madrasa, tulifundishwa kwamba kila hatua ya kwenda msikitini ina thawabu yake. Baada ya Alasiri alikaa kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, na kahawa na halwa mpaka Magharibi. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa sukari, na kidonda cha kidole cha mguu hakukisikia kikianza. Mguu ulikatwa chini ya goti. Sisemi ni kukaa peke yake kulikomfikisha huko; dawa alikuwa akiziruka, na kidonda alikificha. Lakini sitaki kuyaona tena kwa Mama.

Ndiyo, kaka, yapo unayosema yaliyo kweli. Kutembea hakuchukui nafasi ya vidonge, na Mama anavimeza kila siku. Anayedungwa insulini, au anayetumia vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, sukari inaweza kumshuka njiani: apime kabla, abebe tende au pipi, na akianza kutetemeka na kutoka jasho asiendelee. Jua la mchana si la mzee. Vichochoro vyetu vina mitaro, na punda mwenye shehena hampishi mtu. Kwa hiyo usiku natoka naye mimi.

Ila kumfungia ndani sitakubali. Na sisi watoto wake tuna damu hiyo hiyo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002 ulionyesha kuwa watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari, waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi kama ya kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuupata kwa asilimia 58. Wewe unatoka nyumbani kwa gari, unakaa ofisini, unarudi kwa gari. Nawe nakuhofia.

Zile pesa ulizosema utatuma kila mwezi za kijana wa kwenda sokoni, mwezi huu mnunulie Mama viatu. Champali zinamwacha vidole wazi, na mguu wa kushoto ameanza kuniambia hausikii vizuri. Viwe vya kufunika mbele, laini ndani, visibane. Anavaa namba 38. Na ukija likizo uje navyo mwenyewe, tukishakula umtoe wewe mpaka gatini.