Chanjo moja ya kuulizia umri wa mtoto

Mama anayenyonyesha akichomwa chanjo ya pepopunda, homa ya ini B au UVIKO-19, hana sababu ya kumtoa mtoto titini hata siku moja. Hazina kirusi kinachoweza kuzaliana mwilini. Hata ya surua na rubela, ingawa ni hai, haisimamishi kunyonyesha. Mkono ukiuma au homa ikipanda, anywe paracetamol. Anayemwambia "subiri umwachishe kwanza" anamkosesha kinga bure.

Ugomvi wangu uko kwenye homa ya manjano, ile chanjo ya kadi ya njano ya safari. Hii ni virusi hai vilivyopunguzwa makali, na siku chache baada ya sindano vinaweza kuzunguka kwenye damu ya mama. Mwaka 2009, jimboni Rio Grande do Sul, Brazil, mama alichanjwa siku 15 baada ya kujifungua. Siku 8 baadaye kichanga wake, aliyekuwa akinyonya tu, alishikwa na degedege. Kwenye maji ya uti wa mgongo vikakutwa virusi vya chanjo yenyewe. Alipona. Visa vya aina hii ni vichache mno, lakini vinatosha kumfanya nesi aulize kabla ya kuvuta dawa: unanyonyesha? Mtoto ana umri gani?

Kama hajafika miezi 9 na safari si ya lazima, sindano ingoje. Wapo wanaoshauri kuchanja kisha kusitisha kunyonyesha siku 10. Haya, tupige hesabu. Mtoto hunywa kama mililita 750 kwa siku, kwa hiyo ni lita 7 na nusu zilizokamuliwa kabla ya sindano na kugandishwa, umeme usikatike. Na siku zote hizo mama akamue kila baada ya saa 3 na kumwaga, la sivyo maziwa yatapungua.

Kama kinachodaiwa ni kadi tu, aombe barua ya msamaha wa kitabibu yenye mhuri wa kituo cha chanjo, na aulize ubalozi kabla ya kukata tiketi, maana nchi anayokwenda inaweza kuikataa.

Mlipuko ukiwepo, mambo ni mengine: ugonjwa wenyewe unaua. Achanjwe, aendelee kunyonyesha, amwangalie mtoto wiki kadhaa. Homa, kukataa titi au degedege, akimbie hospitali na kadi mkononi. Tarehe ya sindano ndiyo itakayomfanya daktari asiishie kupima malaria.