Folda ya USALAMA

Seva ya duka la jumla la Haji, hapa Ngamiani, Tanga, ilikaa nyuma ya magunia ya mchele, imefunikwa khanga kuzuia vumbi. Mwaka 2020 bado ilikuwa na mfumo endeshi wa Ubuntu 14.04, toleo lililotoka Aprili 2014 na masasisho yake ya kawaida kukoma Aprili 2019. Nikamwambia Haji huku ni kulala mlango wazi. Akanijibu, "Sawa mgosi, lakini ukiiharibu, risiti utaandika wewe kwa mkono."

Mimi si mzembe. Nilijua ngazi hazirukwi: kutoka 14.04 unapitia toleo la 16.04 kwanza. Nilijua nakala ndiyo mwanzo. Ijumaa jioni nikanakili data zote kwenye folda niliyoipa jina USALAMA, kwa herufi kubwa. Bibi karani anafunga hesabu, mimi nikatwaa soda mbili na biskuti, nikakaa juu ya gunia kungoja duka lifungwe.

Baada ya isha 16.04 ikaingia bila kelele. Kufungua programu ya duka, skrini nyeupe pee, kama sanda. 16.04 imekuja na toleo la 7 la PHP, lugha iliyoandikiwa programu ile, nayo PHP 7 haiijui kabisa mysql_connect, amri ya kuunganisha na hifadhidata, ambayo kijana aliyeunda programu ile aliinyunyiza kila ukurasa kama chumvi. Mwenye akili angekwenda kulala. Saa nane usiku mimi nikasema, si nina nakala? Nikachomeka flashi, nikafuta diski nzima, nikaiweka 14.04 upya. Kisha nikaenda kuifuata folda yangu.

(Wewe umeshaelewa. Mimi ilinichukua dakika kumi.)

Asubuhi bibi karani, ambaye kompyuta huiita "lidudu", akauliza taratibu:

"Mwanangu, hiyo folda ilikuwa wapi?"

"Ndani ya seva, bibi."

"Na seva umeifanyaje?"

Nikainamia khanga. Imeandikwa: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Bibi akainama chini ya kaunta, akaibuka na makaunta buku. Tangu lidudu liletwe hakuacha kuandika hata siku moja. Siku tatu yeye anasoma, mimi nabofya: mchele, sukari, sabuni, mafuta ya taa. Tulipofika ukurasa wa mwisho akarekebisha miwani.

"Ijumaa. Fundi kompyuta. Soda mbili, biskuti pakiti moja. Hajalipa."

Haji akasema kutoka mlangoni, "Na hiyo iingize."