Kusoma nyaya si kuzichomeka

Wanaojenga michoro na sauti kwa nodi, yaani visanduku vinavyoungwa kwa nyaya kwenye skrini vikawa mtandao mmoja, wanabishana juu ya zana ndogo ambayo, kwa maoni yangu, inahukumiwa kwa kosa la mwingine. Zana yenyewe hukaa kati ya programu za nodi kama TouchDesigner au Houdini na wakala wa akili mnemba (programu ya AI inayofanya kazi kwa niaba yako), mara nyingi kwa kupitia MCP, itifaki ya kuunganisha akili mnemba na programu nyingine, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024. Wakala anauliza: humu mna nodi zipi, ipi imeungwa na ipi, kigezo hiki kina thamani gani, hitilafu inatokea wapi? Anajibiwa kwa maandishi. Basi. Hajengi chochote.

Lakini sikiliza malalamiko: mashine itatuzalishia mitandao isiyo na kichwa wala miguu, chipukizi hawatajifunza kazi, mkono wa fundi utapotea. Yote hayo yanahusu kujenga. Yana uzito wake, ila mshtakiwa aliyesimamishwa kizimbani siye.

Tazama jinsi msaada unavyoombwa. Mtu amekwama usiku, anapiga picha ya skrini na kuituma kwa anayejua zaidi. Picha ina visanduku arobaini na nyaya zilizopishana kama utando wa buibui. Haina vigezo vilivyomo ndani ya visanduku, haina mistari ya lugha ya programu ya Python iliyojificha humo, wala haina mtandao mzima uliofungiwa ndani ya kisanduku kimoja chenye jina "base3". Anayesaidia atauliza maswali kumi kabla ya kulifikia tatizo. Picha tunaiamini kupita kiasi. Mwaka 1991 watafiti Thomas Green, Marian Petre na mwenzao Bellamy waliwapima watu waliokuwa na uzoefu wa LabVIEW, ambamo programu huchorwa kwa visanduku na nyaya, na programu zilizochorwa ziliwachukua muda mrefu zaidi kuzielewa kuliko zilizoandikwa. Matokeo hayo yana zaidi ya miaka 30, na bado tunasema "nitumie picha nione" kana kwamba kuona ndiko kuelewa.

Chukua Pure Data, programu ya nodi ya kutengenezea sauti, ya Miller Puckette, ambayo faili lake ni maandishi matupu. Mstari "#X connect 3 0 5 1;" maana yake: toka kisanduku namba 3, tundu lake la kwanza la kutolea, ingia kisanduku namba 5, tundu la pili la kupokelea; hesabu huanzia sifuri. Sasa chomeka nyaya mbili kwenye tundu moja la kutolea. Ujumbe unatangulia kupita wapi? Kodoa macho upendavyo, skrini haitakwambia. Unatangulia kwenye waya uliochomekwa kwanza, na kumbukumbu pekee ya hilo ni mfuatano wa mistari ndani ya faili. Aliyechora mwenyewe ameshasahau. Anayesoma faili anaona mara moja. Mafundi huondoa utata huu kwa kisanduku cha trigger, kinachopanga waziwazi ujumbe upi utangulie, lakini anayekwama mara nyingi ni yule yule ambaye hajawahi kusikia kwamba kipo. Kwa mtu huyo, wakala anayesoma tu ni sawa na mwalimu aliyeinama begani kwake na kumwonyesha kidole pale pale. Sioni ufundi gani unapotea hapo.

Hoja nzito ya wapinzani iko jirani kabisa, na ajabu ni kwamba wenyewe huitaja kwa nadra. Katika Max, ndugu wa Pure Data, mfuatano huamuliwa na mahali: ujumbe huanzia kisanduku kilicho kulia zaidi. Kisogeze kimoja mpaka kimpite mwenzake upande wa pili, na programu inabadilika tabia bila waya hata mmoja kuguswa. Zana ikimpa wakala orodha ya miunganisho peke yake, bila mahali pa visanduku, atakueleza mtandao wako kwa ufasaha na kwa kujiamini, na atakuwa amekosea. Tena kuna maana ambayo kompyuta haiijali kabisa. Green na Petre, katika makala yao ya 1996, walilisisitiza hili: nafasi, rangi na ukaribu wa visanduku ni maandishi ya pili, anayoyaacha mtu kwa ajili ya mtu. Ukibana mtandao uwe orodha, hayo ndiyo hutupwa kwanza.

Kuna pia gharama ya kutazama. Katika TouchDesigner nodi kwa kawaida hailazimiki kufanya hesabu mpaka kuwe na anayehitaji matokeo yake. Inapofanya hesabu, watumiaji husema inapika. Wakala akipita nodi moja baada ya nyingine akidai picha ya kila moja, anaziamsha zilizokuwa zimelala. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 hivi za kumaliza kazi yote. Kwa hiyo usiulize maswali katikati ya onyesho. Na faili ulilopewa na mtu usiyemjua linaweza kuwa na maelezo yaliyoandikwa makusudi ili wakala ayachukue kama amri.

Hatari hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya nishikilie tofauti ya kusoma na kuandika. Wakala asiyeweza kugusa kitu akidanganywa, atakupa jibu bovu. Mwenye ruhusa ya kuendesha Python yoyote ndani ya programu anaweza kukufutia faili. Zana kadhaa huviweka vyote viwili chini ya kitufe kimoja cha "ruhusu", na hapo nakubaliana na wapinzani bila kusitasita.

Kabla ya kuifunga zana ya namna hii kwenye mashine yangu huuliza mambo matatu: inapeleka mahali pa kila kisanduku na maelezo yake? Inaweza kusoma vigezo bila kulazimisha nodi ipike? Na mlango wa Python unafungika kabisa, au umefichwa tu?