Kura hazikutosha, sasa unaenda wapi? Aliyekosa ubunge na jimbo lake

Kila uchaguzi ukiisha hapa Dodoma kuna kitu kinaniuma na naona hatukijadili vya kutosha. Mabango yanabanduliwa, spika zinashushwa kwenye gari, aliyeshinda anaapishwa pale bungeni, alafu yule aliyekosa anayeyuka. Namba yake haipatikani, chumba alichopanga kama ofisi ya kampeni kinageuka saluni, na wale vijana waliozunguka nae kwenye vumbi la Mvumi na Handali wanabaki kuangaliana tu. Sasa mimi najiuliza, zile kura alizopata hata kama ni chache zilitoka kwa watu, je wale watu ndo basi tena mpaka miaka mitano ipite?

Nianze na upande ambao siuafiki wote ila una hoja, tusiudharau. Huu unasema jimbo ni moja na mbunge ni mmoja, kura zimehesabiwa, aliyekosa akae pembeni amwachie mwenzie nafasi afanye kazi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, tumeisikia toka tuko shule. Na kisheria kweli aliyekosa hana kiti popote, anayeingia kwenye baraza la madiwani ni mbunge, anayeongoza kamati ya Mfuko wa Jimbo kwa sheria ya mwaka 2009 ni mbunge, DC akija na ziara anayekaa meza kuu ni mbunge. Ukiruhusu na yule mwingine azunguke akikagua visima na kuahidi mabati unakua na wabunge wawili, mmoja ana ofisi mwingine ana kinyongo, na wananchi katikati hawajui wamsikilize nani.

Na hili la kinyongo sio la kufikirika. Kuna kata moja Chamwino siitaji jina, wananchi walikua wanajenga madarasa mawili kwa nguvu zao, kila kaya tripu za mawe na mchanga, kina mama wanachota maji asubuhi kabla ya kwenda shamba. Boma likafika kwenye linta. Ukaja uchaguzi, aliyekosa alikua mtoto wa palepale, na wapambe wake wakaanza maneno kwamba mchangieni huyo mliemchagua, sisi hatumo. Yeye mwenyewe sina ushahidi kwamba aliwatuma, ila hakuwakataza, na nusu ya kitongoji ikaacha kuchangia. Nilipita pale misimu miwili ya mvua baadae, lile boma bado liko kwenye linta, tofali za juu zimeanza kuliwa na mvua, mbuzi wanalala ndani, na watoto bado wanasoma kwa zamu. Yaani mtu mmoja kukosa kura kumewagharimu watoto ambao hata umri wa kupiga kura hawana. Kwahiyo mtu akiniambia aliyeshindwa akae kimya namwelewa kabisa anaogopa nini.

Ila sasa kukaa kimya nako kuna gharama yake, sema hii haionekani haraka kama boma lililosimama.

Kijiji kingine tu huku huku, kuna jamaa aligombea akapata kura zake za kuhesabika akakosa. Huyu hakuhama wala hakununa, alirudi kwenye alizeti zake. Mkutano mkuu wa kijiji ulivyoitwa akaja na kaunta buku amekunja kwapani, akasalimia wazee mbukwenyi, akakaa nyuma kabisa na vijana. Mtendaji akasoma mapato na matumizi haraka haraka kama wanavyosomaga, watu wanapiga miayo, jamaa akanyoosha mkono akasema mwenyekiti naomba turudi kwenye pampu, mkutano uliopita tuliambiwa kwenye akaunti ya maji kuna kiasi fulani, leo kimeshuka na pampu haijanunuliwa, naomba kujua. Akafungua daftari akataja tarehe ya ule mkutano. Hakutaja chama, hakumtaja mbunge, hakupandisha sauti. Ule mkutano haukuisha mpaka ikaundwa kamati ya watu watano kufuatilia, na wawili kati yao walikua wamempigia kampeni mpinzani wake. Nilikua nimekaa kama hatua kumi kutoka alipo, na ile picha ndo imenifanya niandike haya yote.

Sasa mnaona, pale hakuhitaji kiti. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa ukae kila miezi mitatu na mkazi yeyote mwenye miaka 18 ana haki ya kuongea. Baraza la madiwani nalo mwananchi anaruhusiwa kwenda kukaa akasikiliza. Ripoti za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinatoka kila mwaka mwezi wa nne, halmashauri zetu zimo humo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na mpaka leo kuna vikundi vya kina mama wanaouza mlenda na karanga hapo Majengo hawajui fomu inaanzia wapi. Mtu aliyezunguka jimbo zima akaomba kura anazijua hizi shida kuliko karibu kila mtu, anajua kijiji gani wanalala na ndoo kisimani, ana namba za mabalozi wa nyumba kumi, alafu tunamwambia nenda kalale? Hiyo ni hasara kwa jimbo.

Kuna watu wanaona aliyeshindwa kazi yake ni moja tu, mahakamani. Ni haki yake, katiba ibara ya 83 imeipa Mahakama Kuu mamlaka ya kuamua kama mbunge kachaguliwa kihalali, na zamani ilikua ngumu sana kufika huko, ilibidi uweke milioni 5 kwanza mpaka Mahakama ya Rufani mwaka 2002 kwenye kesi ya Ndyanabo ikasema sharti lile linawanyima haki watu wasio na hela. Na kesi zinatikisa kweli, Igunga mwaka 2012 aliyeshindwa kwenye uchaguzi mdogo alikwenda Mahakama Kuu matokeo yakatenguliwa, ila rufani ikaja kumrudisha mbunge. Arusha Mjini mwaka huohuo mbunge wa Chadema Godbless Lema alivuliwa ubunge mwezi wa nne akarudishwa mwezi wa kumi na mbili, na pale waliofungua kesi hawakua mgombea mwenyewe, walikua wapiga kura, Mahakama ya Rufani ikasema haki zao wao hazikuguswa. Ukiitafakari hiyo unaona kuna malalamiko ambayo mwenye uwezo wa kuyasimamia ni yule yule aliyekua kwenye karatasi ya kura. Ila kesi bila karatasi ni kelele tu. Kama mawakala wako hawakuondoka na nakala ya fomu 21B, ile ya matokeo ya ubunge, kila kituo utamwambia nini jaji? Ndo maana nasema hata mahakamani ni kazi ya watu wachache walioandaa, wengi waliobaki kazi yao iko kijijini.

Alafu kuna njia ya uteuzi, hii kwa maoni yangu imewaharibu wengi. Mtu anakosa jimbo, anatulia tuli, hakosoi kitu, anasubiri simu ya ukuu wa wilaya au ukurugenzi. Wengine ni wachapakazi na wamezitendea haki hizo nafasi, siwezi kukataa. Ila fikiria mkurugenzi wa halmashauri huyohuyo anaweza kuja kua msimamizi wa uchaguzi jimboni. Ile kesi ya mwanaharakati Bob Wangwe ilikua kuhusu hilo, wakurugenzi kua makada alafu wakasimamia kura, Mahakama Kuu ilimkubalia Mei 2019, Rufani ikatengua Oktoba, na Juni 2023 Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu ikaona Tanzania imekiuka haki. Kwahiyo aliyeshindwa jana akipewa filimbi ya kuchezesha mechi ya kesho, hata akichezesha kwa haki nani atamwamini.

Mifano ya waliokosa wakabaki na maana ipo hapa hapa kanda ya kati. Mzee Malecela, waziri mkuu 1990 mpaka 1994, mwaka 2010 aliangushwa kwenye kura za maoni za ndani ya CCM na Lusinde huko Mtera, jimbo ambalo siku hizi linaitwa Mvumi. Kwa mtu wa kimo kile ilikua ngumu kumeza, ila hakuhama chama, alibaki mzee anaeheshimika. Na Singida, Tundu Lissu aligombea 1995 kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi akakosa, hakukaa bure, akaingia kwenye uanasheria wa mazingira na kutetea wachimbaji wadogo, 2010 akarudi kwa Chadema akachukua Singida Mashariki. Umpende usimpende, miaka 15 kati ya kukosa na kupata aliijaza kazi. Hawa wawili siasa zao ni mbingu na ardhi lakini hakuna aliyeyeyuka.

Hapa naomba niongeze kitu ambacho naona kinabadilisha mjadala mzima. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ambao wengi bado tuna majeraha yake, Chadema hawakua kwenye karatasi baada ya kutosaini kanuni za maadili mwezi wa nne. Kwa majimbo yetu mengi mchuano wa kweli ulikua kwenye kura za maoni za CCM mwezi wa nane, baada ya hapo ilikua kama imeisha. Kwahiyo "aliyeshindwa" wa sasa mara nyingi ni mtia nia wa chama kilekile cha mbunge. Huyu yuko pagumu. Akiuliza kuhusu pampu anaambiwa hajavunja makundi, akinyamaza anaambiwa kasusa. Kuhama nako sio rahisi, katiba ibara ya 67 inataka mgombea adhaminiwe na chama, mgombea binafsi hakuna mpaka leo pamoja na kwamba Mahakama ya Afrika ilishaamua kesi ya Mchungaji Mtikila aliyekua anaidai haki hiyo mwaka 2013. Na tuseme ukweli pia, kura zake zilitoka kwa wanachama wa chama, sio wananchi wote wa jimbo, kwahiyo hawezi kusimama akasema nina watu wangu elfu kadhaa kama yule aliyepigiwa na umma.

Lakini hata huyu daftari hakuna wa kumnyang'anya. Kuuliza mapato na matumizi kwenye kijiji chako sio kampeni, ni haki ya mkazi. Chama kikiliita hilo makundi basi tatizo ni la chama.

Na kwa wa upinzani kuna kitu wengi hawakijui, kura za aliyeshindwa hazifi zote. Viti maalum vya wanawake bungeni vinagawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge kwa kila chama kilichofikisha asilimia 5 nchi nzima. Yaani yule bibi wa Chipanga aliyempigia mgombea aliyeshindwa vibaya jimboni, kura yake inaweza ikawa imesaidia kumpeleka mama mmoja bungeni. Sasa uliza ni wabunge wa viti maalum wangapi waliorudi kwenye majimbo waliyoshindwa wenzao kusema nimekuja kuwasikiliza kwa sababu kura zenu zimo kwangu. Mimi sijawahi kumuona hata mmoja kijijini kwetu, na ningependa sana nimuone.

Kwahiyo mimi nasimama hapa, aliyekosa abaki, ila abaki kama mkazi mwenye kumbukumbu na sio kama mbunge wa kivuli anayegawa ahadi. Miezi ya mwanzo apite kushukuru, na awaambie wapambe wake hadharani kwamba mchango wa shule uendelee, hilo la hadharani ni muhimu sana maana kimya chake ndo kinatafsiriwa kua ruhusa. Baada ya hapo aje kwenye mikutano. Na mbunge nae asimwogope, amwite wakae hata nusu saa amuulize wewe ulipita kila kitongoji uliambiwa nini ambacho mimi sikuambiwa. Sioni mbunge anapungukiwa nini akifanya hivo.

Lile boma la Chamwino bado linahitaji mbao na mabati, mawe wameshasomba. Nasikia yule aliyekosa anajipanga tena kwa 2030. Mkutano wa kijiji unaofuata ni baada ya mavuno ya uwele, na kwao sio mbali, ni kuvuka korongo tu.